Jani la Shubiri Kikombeni

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kuteleka maji ya kumnyolea baba, natoka uani na kisu cha jikoni kukata jani moja la mshubiri. Nachagua la chini, nene, ambalo limekwisha kuinama kwa uzito wake. Yale ya katikati bado machanga, nauachia mmea. Nalikata pale linaposhikana na shina, na papo hapo linaanza kutoa machozi ya manjano. Nalisimamisha ndani ya kikombe cha bati, mkato ukiwa chini, nakiweka kikombe dirishani na kuliacha lijichuje. Robo saa hivi, siku nyingine zaidi. Maji yanachemka, taulo linalowana, baba ananitazama kutoka kitini kwake, na sote wawili tunalisubiri jani.

Baba alipatwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Mkono wake wa kulia haumtii, na maneno yaliyombakia ni machache kiasi kwamba nayajua yote: maji, bado, basi, na jina la mama. Mtu aliyejinyoa mwenyewe kwa zaidi ya miaka hamsini sasa ananikabidhi shingo yake. Sijapata kushika amana kubwa kuliko hiyo. Ngozi imelegea, imejikunja mikunjo midogo chini ya taya, na ndevu zenyewe, ingawa zimekuwa nyeupe, bado ni ngumu na zimejiviringa kama enzi zile nilipokuwa mtoto zikinichoma shavuni. Wembe ukipita vibaya Ijumaa, Jumapili anaamka na vipele. Kwa kuwa hawezi kulalamika kwa mdomo, analalamika kwa mkono wa kushoto: anajikuna mpaka damu. Ndiyo maana imenibidi nijifunze.

Kusubiri na shubiri. Maneno haya nimeyatumia tangu nilipoanza kusema, na sikuwahi kuyasikia yakigusana mpaka nilipoanza kukaa na kile kikombe. Katika Kiarabu, tulikoyatoa, uvumilivu na utomvu wa mmea huu vina mzizi mmoja wa herufi tatu: swadi, ba na ra. Kiswahili kiliyapokea yote mawili, kisha kikayapa nyumba mbalimbali. Subira ikaingia kwenye methali na mawaidha, shubiri ikabaki kwenye makopo ya muuza dawa na kwenye nyuso zilizokunjamana. Tukitaka kusema jambo ni chungu kupita kiasi, tunasema ni chungu kama shubiri, na hapo tumefika mwisho, hatuna uchungu mwingine wa kuushinda huo.

Tena tuliujua mapema. Watoto wengi wa Pwani walionja shubiri kabla hawajajua kutamka neno lenyewe, maana ndiyo iliyopakwa kwenye chuchu siku mama alipoamua kumwachisha mtoto ziwa. Mtoto anakwenda palepale alipozoea utamu, anakuta ulimwengu umegeuka. Na biashara nayo ilifuata uchungu huohuo. Kilichosafirishwa kwa karne nyingi kutoka kisiwa cha Sokotra na pwani za jirani kilikuwa ule utomvu wa manjano, uliochemshwa na kukaushwa mpaka ukawa donge la rangi ya kahawia, dawa ya kuendesha tumbo. Vitabu vya dawa vya Uingereza vya karne ya 19 vilitaja hata shubiri ya Zanzibar, kwa jina la bandari ilikopitia. Lugha ikahifadhi kile kilichouzwa. Ule ute mweupe ulio katikati ya jani, wenye ubaridi, haukupata hata jina lake lenyewe. Tunauita ute tu, kama wa yai, kama wa bamia.

Nadhani hapo ndipo tulipojizoeza kuamini kwamba dawa isiyouma si dawa.

Ingia kwa kinyozi yeyote wa Ngamiani, hapa Tanga, utaona. Kijana amemaliza kazi, mashine ameitundika ukutani, ananyoosha mkono kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa sindano. "Nikuwekee spiriti, mzee?" Haulizi hasa, pamba tayari imelowa. Inapogusa shingo, mtu mzima anafumba macho, anavuta pumzi kwa meno. Kinyozi anapepea kwa taulo. Wanaosubiri zamu kwenye benchi wanatikisa kichwa kwa kuridhika, maana kuchonyota huko ndiko kunakowathibitishia kwamba vijidudu vinakufa. Nimekaa kwenye benchi hilo miaka mingi na nimetikisa kichwa kama wao.

Spiriti ina sababu yake, na sababu hiyo naiheshimu. Miaka ya tisini, ukimwi ulipokuwa ukipita nyumba kwa nyumba, tulifundishwa kuuogopa wembe wa pamoja, na tulifundishwa vyema. Virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo hatuvitaji mara nyingi, vinaweza kukaa nje ya mwili kwa siku 7 na bado vikaambukiza. Lakini ulinzi wa hayo uko kwenye wembe mpya unaofunguliwa mbele ya macho yako na kwenye mashine iliyosafishwa kabla haijakugusa. Spiriti inayomwagwa shingoni baada ya kunyoa imechelewa. Inachofanya vizuri hapo ni kukausha. Wembe, ukiutazama kazi yake kwa karibu, hauondoi ndevu peke yake. Unakwangua pia ganda la juu la ngozi, lile jembamba linalozuia maji ya mwili yasitoke ovyo. Juu ya ngozi iliyokwisha kukwanguliwa, spiriti inayeyusha na yale mafuta kidogo yaliyobaki. Jioni yake shingo inabana kama ngoma iliyoanikwa juani. Na niseme wazi upande wa pili pia: shubiri haizuii ukimwi wala homa ya ini, na mtu yeyote anayekunyoa kwa wembe wa jana kisha akakupoza kwa jani hajakufanyia hisani.

Mara yangu ya kwanza kunyoa nilikuwa na miaka kumi na sita. Tuliishi kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, ambako baba alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani. Hakuwahi kufuga ndevu. Alisema vumbi la nyuzi huganda humo likawa kama usubi. Siku hiyo alikuwa zamu. Nilichukua wembe wake wa zamani, nikauchomoa kwenye kishikio, nikasimama mbele ya kipande cha kioo na kuanza kujikwangua mkavu, bila maji wala sabuni, kutoka chini kwenda juu, kwa haraka ya mtu anayefanya jambo asiloruhusiwa. Nilipomaliza shingo ilikuwa nyekundu na inawaka. Shuleni nilikuwa nimesikia wenzangu wakisifu alovera, yaani mshubiri, jani nene lenye miiba pembeni, ukilipasua linatoa maji baridi. Nikatoka nje. Mbele yangu, mpaka macho yanapoishia, kulikuwa na majani manene yenye miiba pembeni.

Nilikata jani la mkonge mchanga, nikajipaka maji yake shingo nzima.

Asiyewahi kuguswa na maji ya mkonge afikirie upupu. Majani hayo yana chembechembe za oksaleti ya kalsiamu zenye umbo la sindano, ndogo kiasi kwamba huzioni bila darubini, na mimi nilizipandikiza kwenye ngozi iliyotoka kukwanguliwa. Baba aliporudi alinikuta nimeketi nyuma ya nyumba nimejikumbatia magoti. Hakuuliza kitu. Alinusa. Watu wa korona wanaijua harufu ile na wanaujua mwasho ule; mikono yao yote ilikuwa na alama zake. Alinishika kichwa akanimwagia maji, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanisugua taratibu kwa sabuni ya mche, akanishika mikono nisijikune. Kisha akaomba kwa mama mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akanipaka kwa kiganja. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama gome, lakini alikishusha kwenye koo langu kwa wepesi ambao sikujua anao.

Kesho yake alinipeleka kwa jirani aliyekuwa na mshubiri kwenye debe bovu mlangoni. Alishika jani la mkonge mkono mmoja na la shubiri mkono mwingine, akayavunja yote mawili mbele yangu. La mkonge lilikataa kuachana: vipande viwili vilining'inia kwenye nyuzi nyeupe, zile ambazo kwa ajili yake Mjerumani mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893. Miche 62 tu ilifika hai, na mkonge wote wa Tanga ukaanzia hapo. La shubiri lilikatika kama tango, likabaki limeunganishwa na uzi wa ute uliovutika, ukawa mwembamba, ukakatika. "Hili la kamba," akasema. "Hili la ngozi." Mpaka leo sijapata maelezo bora ya kutofautisha mimea hiyo miwili, na nimesoma mengi.

Aliniambia pia jambo la pili, na hili ndilo ninalolikumbuka kila nikichemsha maji. Alisema watu wanadhani methali ya mwenzako akinyolewa, zako tia maji, inaonya tu kuhusu balaa lililo njiani. "Inafundisha kunyoa," akasema. "Nywele kavu inapigana na wembe. Nywele iliyolowa imekwisha kukubali." Nilipokuwa mkubwa nikaona ni kweli tupu: unywele ulioloweshwa kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache hunywa maji, huvimba, hulainika, na wembe hauhitaji kusukumwa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita dawa ya baada ya kunyoa inafanyika kabla ya kunyoa. Jani linakuja kulipa deni, na deni likiwa kubwa mno jani halitoshi.

Nimeliona hilo kwa mpwa wangu. Ni mlinzi, na kazini kwake sharti ni ndevu zinyolewe kila siku, zisionekane kabisa. Ana ndevu kama za babu yake, zilizojiviringa. Unywele wa namna hiyo ukikatwa chini sana huachwa na ncha kali kama mkuki. Unapoota, badala ya kwenda nje moja kwa moja, unajipinda na kurudi kuichoma ngozi kutoka juu, au hautoki kabisa, unatoboa ukuta wa kitundu chake ukiwa bado ndani. Mwili unaujua unywele ukiwa mahali pake. Ukiukuta ndani ya nyama unauona mgeni, unaushambulia, na mahali pa mapambano hayo panavimba. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyozaliwa, na ndiyo sababu vinatusumbua sisi wenye nywele za kipilipili kuliko watu wengine. Wembe wenye makali mawili matatu yaliyopangana hufanya mambo kuwa mabaya zaidi, maana kali la kwanza huuvuta unywele na la pili huukata chini ya usawa wa ngozi.

Kijana alinipigia simu na mimi, kwa furaha ya mtu mwenye dawa yake, nikampelekea majani ya shubiri matatu na maelekezo. Baada ya majuma mawili nikamuuliza hali. "Mjomba," akasema, "usiku linanipoza vizuri sana. Asubuhi nanyoa tena."

Nililifikiria jibu hilo kwa siku kadhaa. Jani lilikuwa limefanya kila lililoweza. Lilipunguza joto, lililainisha, lilimpa usingizi. Haliwezi kuuvuta unywele uliozama, wala haliwezi kumwambia msimamizi kwamba ngozi inahitaji mwezi mmoja wa kuachwa. Maana hiyo ndiyo tiba inayojulikana ya vipele hivyo: kutonyoa kwa majuma matatu manne, nywele zirefuke kiasi cha kujitoa zenyewe, na baada ya hapo kutozikata tena chini sana. Daktari wa ngozi alimwandikia barua aruhusiwe kupunguza ndevu kwa mashine na kuacha kivuli kidogo. Barua ilikubaliwa, na shingo ya yule kijana ikatulia. Kuna waajiri wengi ambao hawajui kwamba sharti lao la usafi linawafanya vijana waende kazini na damu kwenye kola, na laiti kama wangejua.

Nirudi kwenye kikombe. Utomvu wa manjano unaoshuka unatoka kwenye vijifereji vilivyolala kati ya ganda la jani na ute. Ndani yake kuna aloini, kitu kinachowasha ngozi ya wengine na kuharisha tumbo la yeyote. Mtu asiye na subira akilipasua jani na kujipaka saa hiyohiyo, anajipaka yote mawili, kisha analaumu mmea. Likisimamishwa, manjano yanashuka kwa uzito wake. Baada ya hapo nalilaza ubaoni, naondoa miiba ya pande zote mbili, nabandua ganda la juu kama ninavyobandua ngozi ya samaki, na kipande cha ute kinabaki kinang'aa, kinateleza, hakishikiki. Nakisuuza kwa maji safi. Zaidi ya asilimia 98 ya ute huo ni maji. Kilichobaki kina minyororo mirefu ya sukari inayoyashika maji yasikimbie. Ukipakwa kwenye ngozi, maji yanaanza kuruka taratibu na kuondoka na joto, na ile minyororo inabaki imetanda kama shashi. Hakuna siri kubwa kuliko hiyo, na mimi inanitosha.

Inanitosha ingawa najua mipaka ya ushahidi. Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kuchambua ushahidi wa tiba, waliokusanya majaribio ya shubiri kwenye vidonda walisema majaribio yenyewe ni machache na hafifu, hayatoshi kuthibitisha kwamba vidonda vinapona upesi zaidi. Nayakubali maneno hayo. Mimi sidai jani linaponya vidonda. Nadai linapoza shingo ya mzee iliyopitiwa na wembe, na kwa hilo shahidi wangu ni mkono wa kushoto wa baba, ambao siku hizi unalala mapajani bila kupanda shingoni. Ute huo nautumia saa hiyohiyo. Ukikaa wazi hubadilika rangi na ukikaa siku nyingi huoza, hata ndani ya friji. Ule wa kijani kibichi unaouzwa kwenye chupa umetiwa rangi. Na kabla ya kumpaka mtu yeyote kwa mara ya kwanza, nampaka kidogo ndani ya kiwiko na kungoja mpaka kesho yake, kwa kuwa mimea nayo ina watu wake na wasio watu wake.

Bibi yangu mzaa mama hakutumia shubiri kwa ngozi hata kidogo. Kwake shubiri ilikuwa ya kuachishia ziwa, basi. Yeye alikuwa mtu wa liwa. Alikuwa na jiwe lake, bapa, lenye kibonde katikati kilicholika kwa miaka, na kipande cha msandali chenye unene wa kidole gumba. Alitia matone ya maji, wakati mwingine marashi ya mawaridi, kisha akaanza kusugua ule mti kwa mwendo wa duara. Mwanzoni hakuna kitu. Baada ya muda yanatokea matope mepesi ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na harufu inajaza ukumbi. Dakika kumi za kusugua zilitoa kiasi cha kijiko. Wajomba zangu walipotoka kunyolewa kwa ajili ya harusi, walipita kwake kwanza, watu wazima wenye sauti nzito, wakainama kama watoto, naye akawapaka taya na kisogo kwa vidole viwili. Liwa ilipokauka ilipasuka vijistari vidogo usoni mwao, nao hawakuthubutu kucheka mpaka bibi awape ruhusa ya kuiosha.

Jiwe lile liko kwangu. Mti wa kusugua ndio shida. Msandali wa kwetu Afrika Mashariki umekatwa na kung'olewa mpaka mizizi, maana mafuta yamo humo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa nchi sita za ukanda huu, Tanzania ikiwamo, uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Hata mishubiri ya porini Kenya ilikatazwa kuvunwa mwaka 1986. Kwa hiyo mimi nakata ule nilioupanda mwenyewe kwenye debe, na liwa ya bibi naiacha iwe kumbukumbu ya pua.

Ni kwa bibi huyohuyo nilikoona zafarani. Mdogo wangu alipotimiza siku ya saba, akachinjiwa akika na kunyolewa nywele za tumboni, kichwa chake kilikuwa laini, chenye mishipa inayoonekana ikipiga. Bibi alikuwa ameloweka nyuzi chache za zafarani kwenye kibakuli, maji yakawa rangi ya machweo, akampaka utosini. Imepokewa katika hadithi kwamba zama za ujahiliya watu walimpaka mtoto damu ya mnyama kichwani baada ya kumnyoa, na Uislamu ukaweka zafarani mahali pa damu. Mara nyingi nimerudi kwenye mabadiliko hayo. Wembe umepita, ngozi iko uchi, na kitu cha kwanza kuigusa kikawa ua.

Si kila kitokacho shambani kinastahili kupewa nafasi hiyo. Ndimu, kwa mfano, watu wanaiamini mno. Namjua mvuvi aliyekuwa akijisugua kipande cha ndimu kidevuni kila akinyoa, ili vipele vikauke, kisha anaingia baharini kutwa nzima. Maji ya ndimu yana viini ambavyo vikipigwa na jua huiunguza ngozi kwelikweli. Baada ya siku mbili alitoka malengelenge yaliyofuata njia ile ile maji yalikotiririkia, mpaka kwenye shingo, na alama nyeusi zilimkaa miezi. Mafuta ya karafuu nayo, pamoja na heshima yote niliyonayo kwa Pemba, yana ganzi inayosaidia jino, lakini kwenye ngozi iliyonyolewa yakipakwa matupu yanachoma. Chai ya rangi iliyopoa, kwenye kitambaa safi, ni ya upole: ukakasi wake unabana ngozi kidogo bila kuiumiza, na majani ya mpera yaliyochemshwa yana ukakasi huohuo. Mwarobaini nauheshimu, nauchemsha kuoshea miguu, lakini mafuta yake nayaweka juu kabatini, mbali na watoto, kwa sababu yakinywewa na mtoto mchanga yanaweza kumuua. Mafuta ya nazi nayatumia mwisho kabisa, tone moja, kuufunika ute usikauke upesi, na kwa kijana mwenye chunusi siyatumii.

Sasa jani limeacha kutoa machozi. Chini ya kikombe kumebaki kidimbwi cha manjano, cheusi pembeni, ninakimwaga mbali na kuku. Taulo la moto limekaa usoni mwa baba kiasi cha kumaliza kusoma Yasini kimoyomoyo. Najua anaisoma kwa sababu midomo inacheza chini ya kitambaa. Nalitoa, napaka povu kwa brashi, nafungua wembe mpya mbele yake, anauona. Nashuka nao kufuata nywele zinavyolala: shavuni kwenda chini, shingoni kwa mshazari kuelekea sikio, maana hapo ndevu zake zinalala upande, na ilinichukua miezi kulijua hilo. Sivuti ngozi. Sirudii mahali palipokauka. Kila mpito nausuuza wembe, na katika maji ya bakuli vinaelea vijidoti vyeupe.

Kisha ule ute. Nauweka kwenye kiganja kwanza upoteze baridi ya ghafla, halafu nampaka kwa vidole viwili kama bibi, kuanzia sikio la kushoto, chini ya taya, kwenye koo ambako kikoromeo kinapanda na kushuka. Anafumba macho. Uso ambao upande mmoja umelala na mwingine uko macho, kwa dakika chache unafanana pande zote.

Nilipomaliza Ijumaa iliyopita nilikusanya bakuli, brashi na taulo, nikageuka kwenda kumwaga maji. Alinyanyua mkono wa kushoto, akaupitisha taratibu kwenye taya, akashuka nao mpaka pembe ya chini ya sikio la kulia, upande asioufikia vizuri. Kidole kikasimama hapo. Kikarudi nyuma kidogo, kikasimama tena.

"Bado," akasema.

Niliweka bakuli chini, nikalowesha taulo upya.